Kujitambua na Mambo ya Kila Siku: Kuisoma *Sauti ya Dhiki* kutoka Bofu

Utangulizi

Neno *kujitambua* limezoeleka mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hata ni nadra kumwona mhakiki akisimama kuuliza maana yake. Husemwa kwamba mhusika fulani amejitambua anapoondoka kijijini, anapofika chuoni, anapojiunga na chama, au anapoketi peke yake usiku akayapima maisha yake. Kwa kipimo hicho, kazi zenye tafakuri ndefu ndizo zinazopewa daraja ya juu, na kazi zinazosimulia njia, mti, mzigo na maradhi ya mwili huambiwa kwamba zina thamani ya mifano tu: mifano ambayo mhakiki akishaifumbua huitupa kama mtu atupavyo kifuu akishakuna nazi.

Makala haya yanakusudia kukipinga kipimo hicho. Tutadai kwamba, kwa jinsi lugha yenyewe inavyoliweka jambo hili, mtu hujitambua kwa kupitia mambo anayokutana nayo kila siku, na kwamba mojawapo ya diwani zetu kubwa za karne ya ishirini, *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973), haiwezi kueleweka barabara bila ya kulikubali hilo. Tutaisoma diwani hiyo tukiwa tumesimama mahali maalumu, yaani Bofu, katika Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa. Diwani haiitaji Bofu. Ila usomaji wote hufanywa kutoka mahali fulani, na msomaji asiyesema amesimama wapi huwa amesimama darasani.

Neno lenyewe

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kujua. *Kuvumbua* na *kugundua* ni kukipata kilichokuwa hakijulikani. *Kutambua* ni kitendo kingine. Tunatambua sauti ya jirani gizani, mwandiko wa ndugu juu ya bahasha, sura ya mtu tuliyeachana naye zamani. Hatuwezi kumtambua tusiyepata kumwona. Kwa hiyo katika kutambua mna mambo mawili: kwanza mazoea, yaani kukutana na kitu mara nyingi, pili mshtuko mdogo wa kukiona kilekile upya. Tukikitia kitenzi hiki kirejeshi *-ji-*, maana haibadiliki. Anayejitambua hakupata nafsi mpya iliyokuwa imefichwa mahali. Ameijua tena nafsi ambayo siku zote alikuwa akiishi nayo bila ya kuiangalia.

Tazama pia maneno yaliyo jirani na hilo. Mtu *anayejiona* ni mwenye majivuno. *Anayejisikia* ni huyohuyo. Lugha imewaweka wale wanaojitazama peke yao katika fungu la lawama. Na methali inatukumbusha kwamba nyani haoni kundule: kuna sehemu ya mtu ambayo haionekani ila kwa jicho la mwenziwe. Basi kujitambua, kwa Mswahili, hakutokani na kujifungia. Kunahitaji vitu, watu na marudio.

Haya si mchezo wa maneno. Mhakiki anayetumia neno *kujitambua* huku akiwa na mawazo ya *kujigundua* ataitafuta nafsi mahali ambapo waandishi wetu wengi hawakuiweka, kisha atawalaumu kwamba hawanayo. Lawama ya namna hiyo imetolewa juu ya *Maisha Yangu* ya Shaaban Robert: kwamba mwandishi anasema machache mno juu ya utoto wake na undani wake, na mengi mno juu ya wajibu, kazi na jamaa. Lakini huenda huko kwenye wajibu, kazi na jamaa ndiko Shaaban alikojitambua.

Nafsi iliyojitenga: *Kichwamaji*

Ili tusionekane kuwa tunabisha na kivuli, tuitazame kwanza kazi inayokitosheleza kipimo tunachokipinga. Katika *Kichwamaji* (1974), Euphrase Kezilahabi anatupa Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayefikiri bila ya kupumzika. Anawatazama wazazi, kijiji, dini na mapenzi kutoka mbali. Kila kitu kwake ni swali. Ni riwaya yenye nguvu, na nafasi yake katika historia ya fasihi yetu haina mjadala.

Lakini tuuangalie mwisho wake. Kazimoto anafikia ukweli kwa njia ya mawazo, na ukweli huo haumwachii pa kukaa, anajiua. Wahakiki wengi wameusoma mwisho huo kuwa ni hukumu juu ya ulimwengu usio na maana. Twaweza kuusoma vingine: kuwa ni hukumu juu ya namna ya kujitafuta. Mambo ya kila siku yamemzunguka Kazimoto pande zote, yaani kulima, kuvua, kula pamoja, kuzika. Hakuna hata moja analoliacha limfundishe, kwa kuwa ameshaamua kwamba hayo ni ya watu wasiofikiri. Amejigundua, lakini hakujitambua. Hatusemi kwamba Kezilahabi hakulijua hilo. Twasema kwamba wahakiki waliomfanya Kazimoto kuwa kielelezo cha mtu aliyejitambua wamemsoma kinyume.

Mfungwa na vitu vya nyumbani

Sasa tuingie katika *Sauti ya Dhiki*. Habari zake zajulikana. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1946, alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka uitwao *Kenya: Twendapi?* alioutoa mwaka 1968. Sehemu kubwa ya kifungo hicho aliipitisha katika upweke. Mashairi aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, yakapenyezwa nje. Diwani ilipotoka mwaka 1973 ilipokewa kwa heshima, na mwaka 1974 ikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta.

Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni hili. Kifungo cha upweke ni kumnyang'anya mtu mambo yake ya kila siku. Hana njia ya kupita, hana soko, hana jirani wa kumsalimu wala mti wa kukaa chini yake. Kama kujitambua kungekuwa ni kazi ya mtu aliyejitenga na ulimwengu, basi hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Na tungetarajia mashairi ya mtu anayechimba moyoni mwake, mstari baada ya mstari. Mashairi ya namna hiyo yamo. "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo" ni matamko ya msimamo, na nafsi inasema humo waziwazi. Lakini hata katika upweke ule mshairi anarudi mara kwa mara kwenye vitu vya nyumbani. Jina la shairi moja ni "Jipu". Jingine ni "Mnazi". Jingine ni "Telezi". Jingine ni "Mamba". Uvimbe wa mwili, mti wa kiambo, njia iliyonyewa, mnyama wa mtoni. Mtu aliyenyimwa mambo ya kila siku ameyajenga upya kwa maneno, kisha akajitambua ndani yake.

Usomaji uliozoeleka wa mashairi haya ni wa kufumbua fumbo. Nami niliufuata nilipokuwa mwanafunzi. Niliandika katika daftari kwamba jipu ni dhuluma, mnazi ni nchi na mamba ni mtawala, nikapata alama zangu, nikafunga daftari. Sisemi kwamba majibu hayo ni ya uongo. Mshairi aliyefungwa kwa maneno yake ana sababu nzuri ya kusema kwa mafumbo, na ushairi wa Mombasa umekuwa na jadi hiyo tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, ambaye tungo zake zilikwenda kwa wepesi kati ya vita vya Mvita na mambo ya mtaani. Ila majibu hayo yana kasoro moja kubwa: yakishatolewa, jipu halihitajiki tena.

Na jipu linahitajika. Aliyepata kuuguza jipu anajua kwamba maumivu yake yana mwendo: huanza kwa kuwasha, huvimba, hukataa kuguswa, huiva, hutumbuka. Mwenye nalo hawezi kuliharakisha wala kulisahau. Usiku hujua kwa mara ya kwanza upande gani wa mwili alikuwa akiulalia miaka yote. Maarifa haya ya mwili ndiyo hoja ya shairi. Mshairi hatuambii tu kwamba dhuluma ina mwisho. Hilo laweza kusemwa na mhubiri yeyote. Anatuonyesha kwamba ujuzi wa kuvumilia na wa kungoja wakati wake tayari tunao, tuliupata kwa miili yetu wenyewe, na tulikuwa hatujautambua kuwa ni ujuzi. Mhakiki anayelitumbua jipu kabla halijaiva amelipoteza shairi.

Mnazi wa Bofu

Hapa ndipo usomaji kutoka Bofu unapofaa. Likoni ni ardhi ya minazi, ingawa nyumba zimeila sehemu kubwa. Mtu wa Bofu anamjua mkwezi na anajua bei ya dafu. Anaijua sauti ya kuti kavu liangukapo usiku, na anawajua kina mama washonao makuti ya kuezekea. Anajua pia jambo ambalo mwanafunzi wa mbali hulijua kwa kuambiwa tu: kwamba katika pwani yetu mwenye mti na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili. Mombasa ina desturi ya nyumba bila ya ardhi. Mtu hujenga kuta na paa, akaishi humo na watoto na wajukuu, na kiwanja kikabaki cha mwingine. Katika Likoni hiyohiyo shamba moja la ekari zaidi ya 900 liligombaniwa kwa miaka mingi kati ya mwenye hati na watu walioketi humo, hata serikali ikaingia kati, na hati zikaanza kutolewa kwa wakazi Januari 2016.

Msomaji huyo akilichukua shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", lililotungwa kwa majibizano ya watu wawili wanaoushindania mnazi mmoja, haanzi na fumbo. Anaanza na mnazi. Anauliza: nani aliupanda? Nani aliupalilia? Nani anaula? Ni maswali anayoyasikia barazani, na pengine ameyasikia nyumbani mwake kati ya ndugu na ndugu. Baada ya hapo ndipo anapoyaona yaleyale yakipanda juu hadi kwa nchi nzima na matunda ya uhuru wake. Safari yake ni ya kutoka kwenye kitu kwenda kwenye maana, na kitu hakiachwi nyuma. Anaporejea nyumbani, mnazi wake si uleule. Naye si yuleyule, kwa kuwa amejiona katika mmoja wa wale wawili, na huenda si katika yule aliyependa kujiona.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Fumbo likifumbuliwa haraka, msomaji hujiweka upande wa mwenye haki bila ya gharama yoyote: mamba daima ni mtu mwingine. Lakini mnazi wa kila siku hauna huruma hiyo. Karibu kila mmoja wetu amepata kuwa juu ya mnazi mwenziwe akiwa chini.

Lugha ya nyumbani

Jambo jingine lahusu lahaja. *Sauti ya Dhiki* imetungwa kwa Kimvita. Tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake juu ya msingi wa Kiunguja, maneno kama *kuwata* kwa *kuacha*, *mato* kwa *macho* na *nti* kwa *nchi* yamehesabiwa shuleni kuwa makosa, au kwa upole zaidi kuwa mapambo ya ushairi. Ni rahisi kusema kwamba mshairi aliyatumia kwa sababu bahari za ushairi wa Mvita zimeyazoea. Lakini jina "Siwati" si pambo. Mtu anayeambiwa aikane kauli yake anajibu kwa kitenzi alichokisikia nyumbani kabla hajajua kusoma. *Siachi* ingekuwa na maana ileile kwa mwenye kamusi. Isingekuwa na mama ndani yake.

Mtoto wa Bofu anakulia kati ya Kimvita, Kidigo na Kiswahili cha watu waliotoka bara kuja kutafuta kazi bandarini. Anabadili lugha mlangoni, dukani, kivukoni, na shuleni huambiwa kwamba moja tu ndiyo lugha. Diwani hii ikifundishwa vyema, inampa nafasi ya kuitambua sauti yake mwenyewe kuwa ni sauti ya fasihi. Ikifundishwa kwa faharasa ya maneno magumu mwishoni mwa daftari, inamwambia tena kwamba nyumbani kwake ni tanbihi.

Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mazoea hupumbaza. Ni kweli. Maelfu ya watu wa Likoni huvuka mkondo wa Kilindini kila alfajiri na kurudi jioni, na wengi hawafikiri zaidi ya kufika. Kuvuka kulikuwa jambo la kawaida hata tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa. Baada ya siku hiyo kitendo kilekile kilikuwa na uso mwingine, na kwa familia nyingi kinao mpaka leo. Wala halikutosha daraja la kuelea lililotandazwa kati ya Liwatoni na Ras Bofu, na kufunguliwa mwanzoni mwa 2021 kwa wendao kwa miguu, kuufuta uso huo. Tunachojifunza ni kwamba marudio peke yake si utambuzi. Kunahitajika lile jambo la pili tulilolitaja, yaani mshtuko wa kuona upya. Msiba huuleta kwa nguvu. Fasihi yaweza kuuleta bila ya mtu kufa. Hii si kazi ndogo.

Pingamizi la pili ni la kitabaka. Yasemekana kwamba kumwambia mnyonge ajitambue katika kazi zake za kila siku ni kumridhisha na unyonge wake. Jibu tunalipata katika *Kuli* (1979) ya Shafi Adam Shafi. Rashidi anaingia katika kazi ileile ya babake, upagazi wa bandari ya Unguja, na riwaya inamfikisha kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Mzigo wa kila siku ndio unaomfungua macho. Mwandishi anapouamini mzigo huo, kurasa zake zina uhai usiosahaulika. Anapouacha na kuwapa nafasi wenye kujua ili wahutubie, Rashidi hugeuka mwanafunzi wa kusikiliza. Kasoro, basi, haikuletwa na kazi za kila siku. Inatokea pale zinapoachwa kabla hazijamaliza kusema.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: mambo ya kila siku ya nani? Mnazi, mzigo na njia ni mambo ya wanaume kwa kiasi kikubwa. Jikoni, kisimani na kitandani mwa mgonjwa kumeandikwa kidogo, na kulikoandikwa kumesomwa vibaya. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 umezoeleka kusomwa kama kitabu cha utii wa mke. Ni vyema ukumbukwe pia kuwa ni maneno ya mama mgonjwa akimhesabia bintiye matendo ya siku, moja baada ya moja, akijua kwamba yeye hatayafanya tena. Atakayeusoma kwa namna hiyo ataona kwamba anayetambuliwa humo, pamoja na binti, ni mama mwenyewe. Upande huu wa uhakiki wetu bado ni mwembamba, na makala haya nayo hayajaunenepesha.

Hitimisho

Tumesema kwamba kujitambua ni kujua tena. Kwamba kunataka vitu na watu wa kila siku. Na kwamba mfungwa wa *Sauti ya Dhiki* alilithibitisha hilo mahali ambapo vitu na watu havikuwapo. Kutokana na hayo lipo jambo moja la kutenda kwa sisi tunaofundisha. Tunapowapa wanafunzi mashairi haya, tuache kwa muda kuuliza jipu ni nani na mnazi ni nini. Tuulize kwanza jipu huumaje, na mnazi hupandwa na kuliwa na nani pale anapokaa mwanafunzi. Yule wa Bofu atakuwa na mengi ya kutuambia, na mengine hatutayapenda. Fumbo litangoja, limekwisha kungoja tangu 1973.